Homoni za Mafuta ya Mwili, Moyo na Kisukari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mwanza

Maswali yaliyomo humu ni yale yanayorudiwa na watu wa Mwanza wanapokaa kwenye benchi wakisubiri kupimwa shinikizo la damu na sukari: wachuuzi wa samaki wa Mwaloni Kirumba, madereva wa bodaboda wa Buzuruga, walimu, watumishi wa ofisini na akina mama waliokwisha kustaafu. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na mengine yanatosha kwa mistari michache.

Mafuta ya mwilini nayo yana homoni? Sisi tulijua ni akiba tu.

Hata madaktari walifundishwa hivyo kwa muda mrefu. Tishu ya mafuta ilitazamwa kama kihenge cha Msukuma: mavuno yakiwa mazuri kinajaa, njaa ikiingia kinapungua, na chenyewe hakina la kusema. Mtazamo huo ulivunjika mwaka 1994, pale Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipoitambua jeni inayotengeneza homoni waliyoiita leptini, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Miaka ishirini hivi kabla yao, Douglas Coleman wa maabara ya Jackson, katika jimbo la Maine, alikuwa ameunganisha mzunguko wa damu wa panya waliorithi unene na ule wa panya wa kawaida, akaona panya wanene wanapunguza kula. Alihitimisha kwamba ndani ya damu ya panya wa kawaida kuna kitu kinachowashibisha wale wengine. Kitu hicho kilipopatikana, kilikuwa kinatoka kwenye mafuta yenyewe.

Tangu hapo imebainika kwamba seli za mafuta, pamoja na seli za kinga zinazoishi katikati yake, hutoa kemikali nyingi zinazosafiri kwa damu hadi kwenye ubongo, ini, misuli, figo, mishipa na moyo. Kwa pamoja huitwa adipokini. Kwa hiyo kihenge chetu kinasema, na kinasema mchana na usiku.

Kama leptini ndiyo inayotuliza njaa, kwa nini mtu mnene bado anasikia njaa?

Leptini ni taarifa ya akiba inayopelekwa kwenye sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi. Akiba ya mafuta ikiongezeka, leptini huongezeka. Akiba ikipungua, nayo hupungua. Mtu mwenye kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza, kwa kawaida hana upungufu wa leptini hata kidogo, bali anayo tele, ila ubongo wake umeacha kuisikiliza inavyostahili. Hali hiyo huitwa usugu wa leptini. Aliyepanga chumba jirani na stendi ya Buzuruga ataielewa haraka: wiki ya kwanza sauti za makonda zinamwamsha alfajiri, baada ya miezi sita analala usingizi wa pono ilhali makonda hawajapunguza sauti.

Wapo watu wachache sana duniani waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza leptini. Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliokuwa na tatizo hilo. Walikuwa wanene kupindukia na njaa yao haikuwa na mwisho. Watoto wa aina hiyo walipoanza kuchomwa sindano za leptini, hamu yao ya kula ilishuka na uzito ukapungua sana. Wengi walidhani dawa ya unene imepatikana. Haikuwa hivyo, kwani kwa watu wenye unene wa kawaida sindano hizo zilisaidia kidogo tu: kumwongezea sauti asiyesikilizwa hakumfanyi asikilizwe.

Kuna upande wa pili ambao watu wengi hawaambiwi. Mtu anapojinyima chakula ghafla, leptini hushuka haraka kuliko mafuta yenyewe yanavyopungua. Ubongo hutafsiri kushuka huko kuwa njaa imeingia nchini. Huzidisha hamu ya kula na kupunguza matumizi ya nishati. Ndiyo sababu mtu aliyepungua kilo saba kwa wiki mbili za maji ya limau huzirudisha zote, na nyingine juu yake, bila kuwa mlafi wala mzembe.

Homoni hizi zinaufikiaje moyo?

Njia ni nyingi, nazo hukutana.

Ya kwanza ni shinikizo la damu. Leptini ikiwa nyingi huchochea mishipa ya fahamu inayoharakisha mapigo, kubana mishipa ya damu na kuzifanya figo zishikilie chumvi. Cha kuzingatia ni kwamba usugu wa leptini hauwi sawa kila mahali: ubongo unaweza kuziba masikio kuhusu njaa huku ukiendelea kuitikia kuhusu shinikizo. Waliozaliwa bila leptini, pamoja na unene wao mkubwa, hawapandi shinikizo kwa kiwango ambacho unene huo ungetufanya tutarajie. Zaidi ya hayo, tishu ya mafuta hutengeneza angiotensinojeni, malighafi ya homoni inayobana mishipa ya damu, homoni ileile ambayo dawa nyingi za shinikizo huilenga.

Ya pili ni inflamesheni, yaani moto wa chini kwa chini wa kinga ya mwili usio na homa wala maumivu. Seli za mafuta zinapotanuka kupita kiasi, baadhi hukosa hewa ya kutosha na kufa, na seli za kinga huingia kusafisha mabaki. Zikishaingia hutoa kemikali kama TNF na interleukini-6. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mafuta ya wanyama wanene hutoa TNF, na kwamba TNF hiyo inadhoofisha kazi ya insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Hapo ndipo unene na kisukari vilipoonekana kuwa na uzi mmoja. Interleukini-6 nayo huliagiza ini litengeneze protini iitwayo CRP, ambayo wengine wataikumbuka kutoka kwenye karatasi zao za majibu ya maabara. Moto huu unapodumu miaka, kuta za ndani za mishipa huchubuka na lehemu hupata mahali pa kujishikiza.

Ya tatu ni kuganda kwa damu. Mwili una utaratibu wa kuyeyusha madonge madogo ya damu kabla hayajaleta madhara. Mafuta ya tumboni huchangia kemikali iitwayo PAI-1, inayouzuia utaratibu huo. Donge ambalo lingeyeyuka kimyakimya huweza kubaki na kuziba mshipa wa moyo au wa ubongo, na huo ndio mwanzo wa mshtuko wa moyo au kiharusi.

Ya nne haisafiri mbali. Moyo wenyewe umezungukwa na mafuta yasiyo na ukuta kati yake na msuli wa moyo, na yanalishwa na mishipa ileile. Yakiwa ya kiasi, ni chakula na kinga ya moyo. Yakizidi na kuwaka, humwaga kemikali zake moja kwa moja kwa jirani yake.

Tumesikia kuna homoni nzuri iitwayo adiponektini. Ni kweli?

Ni kweli kwa sehemu kubwa. Adiponektini hutengenezwa na seli za mafuta na ipo kwa wingi sana katika damu, kiasi cha takriban mara elfu ya leptini. Huifanya misuli na ini viitikie insulini vizuri zaidi na hutuliza inflamesheni katika mishipa. Ajabu yake ni kwamba, tofauti na leptini, mafuta yanapozidi, hasa ya tumboni, homoni hii hupungua. Mwenye kitambi kikubwa huwa nayo kidogo kuliko mwembamba. Wanawake kwa wastani wanayo zaidi kuliko wanaume.

Hata hivyo asitokee mtu wa kukuuzia chupa yenye jina hilo. Kwa watu ambao moyo wao umeshashindwa kusukuma damu vizuri, adiponektini iliyo juu huonekana zaidi kwa wale walio na hatari kubwa ya kufariki, pengine kwa sababu mwili unajitahidi kujiokoa au kwa sababu mgonjwa amekonda. Vilevile uchunguzi wa jeni haujathibitisha kwamba kuipandisha peke yake kunaukinga moyo. Ni alama nzuri ya mafuta yenye afya. Kuifanya dawa ni jambo jingine.

Kwa nini mnasisitiza kitambi na si mapaja au makalio?

Turudi kwenye kihenge. Mafuta yaliyo chini ya ngozi, hasa ya mapaja na makalio, ni ghala lililojengwa kwa kazi hiyo: hupokea mafuta ya ziada na kuyafungia salama. Ghala likishajaa, au likiwa dogo tangu kuzaliwa, mazao humwagika mahali pasipostahili, yaani kuzunguka utumbo, ndani ya ini, ndani ya misuli na kuzunguka moyo. Damu inayotoka kwenye mafuta yanayozunguka utumbo hupita moja kwa moja kwenye ini kabla ya kwenda kwingine, hivyo ini hupokea asidi za mafuta na kemikali za inflamesheni zikiwa bado nzito. Ini lililojaa mafuta huendelea kumwaga sukari kwenye damu hata pale insulini inapoliamuru liache, na kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi hadi linapochoka. Hapo kisukari aina ya pili kinabisha hodi.

Ushahidi kwamba mahali pa mafuta pana uzito kuliko wingi wake ulitoka kwenye jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2004. Wanawake 15 wenye kiribatumbo walinyonywa kwa upasuaji takriban kilo 10 za mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo. Walipopimwa wiki kadhaa baadaye, utendaji wa insulini, shinikizo la damu na adiponektini havikuwa vimebadilika. Waliondolewa ghala, na kilichomwagika ndani kikabaki palepale.

Kwa upande wa pili wapo watu wanaozaliwa karibu bila mafuta kabisa. Mtu angetarajia wawe na moyo wa mwanariadha, lakini wengi wao hupata kisukari kikali, trigliseridi nyingi (aina ya mafuta yanayosafiri katika damu) na ini lenye mafuta, kwa kuwa hawana pa kuweka akiba wala leptini ya kutosha. Ndio hao ambao leptini ya kutengenezwa imewasaidia kwelikweli, na Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa ajili yao mwaka 2014.

Kwa akina mama: hedhi ikishakoma, mafuta huanza kuhama kutoka mapajani kwenda tumboni hata kama mizani inasoma namba ileile. Kanga inayokataa kufunga fundo kama zamani ni taarifa, nayo isipuuzwe.

Mimi ni mwembamba. Haya yananihusu?

Yanaweza kukuhusu. Wapo wenye mikono na miguu myembamba na tumbo lililotokeza, na uzito wao ukilinganishwa na urefu unaonekana wa kawaida. Pima kiuno.

Je, nikapime leptini au adiponektini maabara?

Hapana. Vipimo hivyo ni vya utafiti. Hakuna daktari atakayebadilisha matibabu yako kwa sababu ya majibu yake. Hapa naomba niseme wazi kwamba biashara ya "kusawazisha homoni", inayopita kwenye makundi ya simu na kwenye meza za njiani, imekula fedha za watu wengi ambao wangeweza kununua mashine ya shinikizo na chenji ikabaki. Mama mmoja aliniletea kopo la unga alilouziwa ili "kufungua leptini". Lebo yake haikutaja hata kiungo kimoja.

Kipimo kinachofaa ni futi kamba ya fundi cherehani. Simama wima, toa pumzi kawaida bila kubana tumbo, zungusha futi kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa juu wa nyonga, juu ya ngozi. Namba zinazotumika kwa sasa kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara ni sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Zaidi ya hapo hatari huanza kupanda. Njia nyingine rahisi ni kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu: mwenye sentimita 170 asipite 85. Wanaume wasitumie namba ya suruali kama ushahidi, kwa maana mkanda hushuka chini ya kitambi, na mtu hujisifu kwamba anavaa namba 34 tangu harusi yake.

Baada ya futi, zahanati au kituo cha afya kitapima shinikizo na sukari, na inapohitajika vipimo vya lehemu na trigliseridi hufanyika hospitalini. Madaktari husema mtu ana sindromu ya kimetaboliki, yaani mkusanyiko wa dalili za hatari ya moyo na kisukari, anapokuwa na matatu kati ya haya matano: kiuno kikubwa, shinikizo la 130/85 au zaidi, sukari ya 5.6 au zaidi kabla ya kula, trigliseridi za 1.7 au zaidi, na lehemu nzuri (HDL) iliyo chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke, vipimo vya damu vikiwa katika milimoli kwa lita. Sukari ikifika 7.0 kabla ya kula, kipimo kikarudiwa na kuthibitika, hicho ni kisukari.

Chakula chetu cha ziwani kinasaidia au kinaharibu?

Malighafi yetu ni njema kuliko tunavyoitumia. Sato wa kuchemsha au wa kuchoma na dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni protini nzuri, na protini hushibisha. Tatizo huanzia kwenye karai la mafuta yanayochemshwa kutwa nzima, kwenye chumvi ya samaki wa kayabo, na kwenye ugali wa muhogo unaopandishwa kama mwamba wa Bismarck huku mboga ikiwa kijiko kimoja. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Mwenye shinikizo anayependa kayabo amloweke na kumwaga maji yake, na asimfanye wa kila siku.

Michembe na matobolwa si adui. Ni viazi vitamu vilivyokaushwa, chakula cha wazee waliotembea hadi shambani na kurudi. Lakini vimekaushwa, kwa hiyo konzi moja ni kiazi kizima, na anayevila ofisini pamoja na chai ya vijiko vinne vya sukari hapati kile ambacho wazee wake walikipata. Soda ya mililita 350 ina sukari ya takriban vijiko tisa vya chai. Ikinywewa kila siku, hufika kwenye ini haraka na ini huigeuza mafuta. Kama ni kubadilisha jambo moja tu mwezi huu, ningeanza na soda.

Hakuna chakula "kinachoongeza adiponektini" kiasi cha kutegemewa peke yake. Kinachobadilisha homoni hizi ni mafuta ya tumboni kupungua. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito, yaani kilo 4.5 hadi 9 kwa mwenye kilo 90, hushusha leptini, shinikizo, sukari na trigliseridi, na mtu bado ataitwa mnene na majirani. Na majirani ni jambo zito kwetu: wengi wameniambia waliacha kupungua kwa sababu watu walianza kuuliza kama wanaumwa.

Naendesha bodaboda kutoka alfajiri. Nachoka. Hayo si mazoezi?

Kuchoka na kutumia misuli ni vitu viwili. Dereva wa bodaboda hukaa kama karani, ila yeye anapigwa na jua. Lengo ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uhemee lakini uweze kuongea, na mji huu wa mawe umetupa vifaa bure: anayepanda ngazi za mlima wa Mabatini au Igogo mara mbili kwa siku hahitaji kulipia jimu. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu, na mazoezi hupunguza mafuta ya tumboni hata mizani isipocheza.

Wanaovua dagaa hukesha ziwani. Usingizi unahusika?

Unahusika. Katika majaribio, vijana waliolala saa chache walishuka leptini, na homoni ya njaa kutoka tumboni, ghrelini, ikapanda, wakatamani vyakula vya wanga na sukari. Anayekesha na karabai ajitahidi kulala mfululizo mchana, chumba kikiwa na giza, badala ya vipande vya nusu saa kati ya mauzo.

Sindano za kupunguza uzito zinazosifiwa mitandaoni ni za homoni za mafuta?

Si za mafuta. Semaglutidi huiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1. Ni dawa halisi: jaribio kubwa la mwaka 2023 lililohusisha watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo na mishipa na uzito uliozidi, wasio na kisukari, lilionyesha kupungua kwa asilimia 20 kwa vifo vya moyo, mishtuko ya moyo na viharusi vikijumlishwa pamoja. Lakini ni ghali, huandikwa na daktari, na mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu semaglutidi bandia. Sindano inayoletwa na mtu wa bodaboda, haina barafu wala risiti, usijichome.

Mfano mwingine wa kutuongezea tahadhari ni pioglitazoni, dawa ya kisukari inayopandisha adiponektini vizuri sana. Inaufanya mwili ushikilie maji, na kwa sababu hiyo haipewi mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa.

Natumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na tumbo limeongezeka. Niache dawa?

Usiache. Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nalo ni la haki. Dawa za zamani, hasa stavudini, ziliharibu ghala la chini ya ngozi: mashavu na mapaja vilisinyaa, tumbo likakua, na sukari na trigliseridi zikapanda. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiondoe. Dawa za sasa zenye dolutegraviri hazifanyi hivyo, ila baadhi ya watu, na wanawake zaidi, huongezeka uzito wanapozitumia. Sehemu ya ongezeko hilo ni afya iliyorudi, na sehemu nyingine huwa ni mafuta ya tumboni ya kawaida, yenye homoni zilezile zilizoelezwa hapo juu. Virusi visivyofubazwa huwasha inflamesheni kubwa kuliko kitambi chochote, kwa hiyo kuacha dawa ili kuulinda moyo ni kuuweka moyo huo kwenye hatari zaidi. Siku unayokwenda CTC, kliniki ya tiba na matunzo, kuchukua dawa, mwombe mhudumu akupime kiuno, shinikizo na sukari hapohapo, na namba hizo ziandikwe kwenye kadi yako ili zilinganishwe na za ziara ijayo.